Mpya ya megapikseli 50 au ya mtumba ya megapikseli 12? Ulinganisho wa kamera za simu kwa watu wa Unguja na Pemba

Kila Sikukuu ikipita malalamiko ni yaleyale. Mtu kanunua simu mpya, boksi limeandikwa megapikseli 50, nyuma kuna kamera tatu zimepangwa vizuri, halafu picha za watoto pale viwanja vya Kariakoo zimetoka nyuso nyeusi na kanzu zimeungua kwa weupe. Zile za usiku ndiyo kabisa, chenga tupu. Shemeji yake ana simu iliyotoka mwaka 2019, kainunua ya mtumba Darajani, na picha zake ndizo zinazorushwa kwenye grupu la familia. Sasa mtu huyu anataka kujua kama amepigwa, na kama auze simu yake, anunue ipi.

Kwa picha peke yake, na kwa fedha zilezile, simu ya mtumba ya daraja la juu iliyo safi huishinda simu mpya ya bei nafuu, hasa jua likishazama. Hilo nalisema bila wasiwasi. Lakini simu si kamera tu. Aliye na simu moja, ya kutumia toka alfajiri mpaka usiku, ya biashara, pesa na kuwapigia wazee, mimi simpeleki kwenye mtumba. Namwambia atafute mpya ya daraja la kati yenye herufi tatu kwenye orodha ya sifa zake: OIS, yaani lenzi inayojituliza mkono ukitetemeka. Sababu nitazieleza.

Kabla hujauza uliyonayo

Simu nyingi zinazolaumiwa zinaonewa. Anza na kioo cha lenzi. Simu mpya hutoka na plastiki nyembamba juu ya kamera, na wapo wanaoiacha miezi kwa kuogopa mikwaruzo. Wengine hubandikiwa dukani protekta ya kamera, ile ya kioo yenye viduara; usiku taa moja ya barabarani inageuka taa tatu na picha nzima inafunikwa na weupe. Ing'oe. Halafu kuna hewa yetu hii. Upepo wa bahari una chumvi, chumvi inashikana na jasho na mafuta ya vidole, na lenzi inabaki na utando usiouona mpaka uiinamishe kwenye mwanga. Chukua kitambaa laini, kitie maji kidogo, futa, kisha kausha kwa kingine. Ukiwa pwani usifutie pindo la kanga wala shati. Mchanga ulionasa humo ndio unaokwaruza lenzi.

Angalia pia picha unaitazamia wapi. Ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida inapunguzwa, na mtu wa upande wa pili hapati picha uliyoipiga. Tangu Agosti 2023 kuna kitufe cha HD kabla ya kutuma. Ukitaka ifike ilivyo, itume kama dokumenti. Kwa hiyo usilinganishe picha iliyomo kwenye simu ya shemeji na picha yako iliyokwisha kuzunguka magrupu matatu. Na kwenye simu nyingi za Android, ukipigia ndani ya Snapchat au Instagram, kamera haifanyi kazi yake yote: hali ya usiku hakuna, na kusawazisha mwanga na kivuli mara nyingi hakuna. Piga kwa kamera ya simu yenyewe, ndipo uipandishe huko.

Kanzu nayo ina somo lake, na kwetu ni somo kubwa. Kamera inapima mwanga wa eneo zima na kutafuta wastani. Mtoto amevaa kanzu nyeupe na kofia nyeupe, kasimama mbele ya ukuta wa chokaa. Kamera inaona mwanga umezidi, inaupunguza, na uso ndio unaoumia. Buibui jeusi ni kinyume chake: kamera inaongeza mwanga mpaka nguo inakuwa ya kijivu na uso unapauka. Gusa uso kwenye kioo, shikilia kidole mpaka kipimo kijifunge hapo, kisha sogeza ile alama ya jua juu au chini. Zima na hali ya urembo, maana simu nyingi zinakuja nayo imewashwa. Inalainisha ngozi na kuifanya nyeupe kuliko ilivyo, na watu wakishaiona picha wanasema "huyu si fulani", wala hawajui kwa nini.

Ukifanya yote haya na usiku bado ni chenga, basi tatizo limo ndani ya simu, na hapo ndipo ulinganisho unapoanza.

Namba ya boksi na kinachofichwa nyuma yake

Nyuma ya lenzi mna kipande kidogo kinachopokea mwanga, sensa ya kamera. Megapikseli ni idadi, kwa mamilioni, ya vyumba (pikseli) vilivyomo ndani ya kipande hicho, na idadi hiyo haikwambii ukubwa wa kipande chenyewe. Sinia la pilau likigawiwa watu 50 badala ya 12 halikui. Ndiyo maana simu ya megapikseli 50 kwa kawaida haikupi picha ya 50. Inaunganisha pikseli nne kuwa moja na kukupa 12.5. Ya 108 inaunganisha tisa, unapata 12. Ya 200 inaunganisha kumi na sita, unarudi kwenye 12.5. Zote zinakutana palepale, kwenye namba ambayo iPhone za kawaida zilikuwa nayo tangu 6s ya mwaka 2015 mpaka 14 ya mwaka 2022.

Lakini wanaopenda kusema "sensa ndogo ndiyo tatizo" nao hawajamaliza maneno. Sensa nyingi za megapikseli 50 kwenye simu za bei nafuu zina pikseli za mikromita 0.64 hivi (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), zikiunganishwa nne zinakuwa 1.28. iPhone 11 na Galaxy S10, zote za 2019, zina pikseli za mikromita 1.4. Hiyo ni tofauti, ila haitoshi kueleza kwa nini picha moja ni safi na nyingine imechafuka. Kinachozitenga ni ubora wa lenzi, utulivu wake, na chipu inayoichakata picha baada ya kidole kugusa kitufe.

Utulivu ndiyo hiyo OIS. Lenzi inashikiliwa na visumaku vidogo na inasogea kinyume cha mtetemo wa mkono wako. Kwa hiyo simu inaweza kuacha mwanga uingie kwa muda mrefu zaidi na picha isivurugike. Isiyo na OIS inalazimika kufanya haraka. Mwanga unaoingia ni mchache, simu inaukuza kwa nguvu, chenga zinatokea, kisha programu inazisugua hizo chenga mpaka ngozi inapoteza vinyweleo na mkeka unapoteza mistari ya ukili. Ukiikuza picha yako ya usiku ukaona nyuso zimekuwa laini mno na nywele zimekuwa doa moja, ndiyo kazi ya huo msuguo.

Na chipu ni muhimu kiasi gani? Mwaka 2018 Google walileta hali ya usiku kwenye Pixel 3, simu yenye kamera moja tu nyuma, ya megapikseli 12. Inapiga fremu nyingi mfululizo, inazipanga moja juu ya nyingine na kuchukua kilicho bora. Hiyo kamera moja ilitosha. Zile za nyongeza za megapikseli 2 kwenye simu za bei nafuu, moja ya vitu vya karibu na nyingine ya kupima umbali, mimi sizihesabu.

Mchana, vichochoroni, usiku

Mchana pwani tofauti ni ndogo sana. Mwanga wa Paje au Jambiani saa nne asubuhi unatosha kwa simu yoyote, na aliyenunua mpya ya bei nafuu hana sababu ya kuona haya. Saa sita mchana ni shida kwa wote. Visiwa vyetu viko karibu nyuzi 5 na 6 kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linakaa utosini kabisa. Macho yanazama kwenye kivuli, na ukiwa na kofia uso wote unapotea. Hapo hakuna simu ya kununua. Subiri saa kumi na moja jioni.

Mji Mkongwe ndiko mtumba inapoanza kulipa. Simama kichochoro cha Hurumzi na uelekeze simu kwenye mlango wa nakshi: juu kuna ukanda mwembamba wa mbingu inayowaka, chini ukuta uko kivulini, na katikati njumu za shaba zinameremeta. Simu ya bei nafuu inachagua upande mmoja. Ikiokoa mlango, mbingu inageuka karatasi nyeupe. Ikiokoa mbingu, nakshi zinazama kwenye weusi. iPhone 11 au Pixel 6a inapiga fremu kadhaa za mwanga tofauti na kuziunganisha kabla hujashusha mkono, na unaona maua yaliyochongwa kwenye fremu ya mlango pamoja na bluu ya juu. Anayepigia wageni picha, au anayeuza nyumba za wageni mtandaoni, hapa ndipo fedha yake inapokwenda kwa haki.

Usiku Forodhani kuna jambo linalowachanganya wengi. OIS inatuliza mkono wa anayepiga. Haiwezi kutuliza anayepigwa. Fundi wa pizza ya Zanzibar akiwa anaunyoosha unga, mkono wake utatoka ukungu hata kwa simu nzuri, maana hali ya usiku inahitaji kitu kitulie. Msubiri aweke unga mezani na kushika yai. Au tumia simu yenye tundu pana la lenzi: S10 inafungua mpaka f/1.5, inakusanya mwanga haraka. Harusini ukumbini ni hivyohivyo, maharusi wakisimama utapata, wakicheza hutapata. Na upande wa wanawake, simu nzuri au mbaya, omba ruhusa kwanza.

Tahadhari moja kwa wanaotaka iPhone ya mtumba: hali ya usiku ilianza na iPhone 11. X, XS na XR hazina, hata kama muuzaji anasema "zote sawa tu".

Kwa anayepiga mbali

Watembeza wageni wanaokwenda Jozani kuona kima punju, au Kidike kule Pemba kuona popo, wana hitaji lao peke yao. Kuvuta kwa vidole kwenye kioo ni kukata picha na kuikuza, hakuna kipya kinachoongezeka. Lazima iwepo lenzi ya pili ya kuvuta. S10 inayo ya mara 2, iPhone 11 Pro inayo ya mara 2. iPhone 11 ya kawaida haina, Pixel 6a haina, na nyingi mpya za daraja la kati hazina. Kwa kazi hii mtumba inashinda moja kwa moja. Kwa video pia: iPhone 11 inarekodi kwa ukali wa 4K, fremu 60 kwa sekunde, wakati simu nyingi za bei nafuu zinaishia ukali mdogo wa 1080p, fremu 30.

Upande ambao mtumba inashindwa

Betri. iPhone 11 ilitoka kiwandani na mAh 3,110, S10 na mAh 3,400. Simu mpya za leo nyingi zina 5,000 na hazijachoka. Simu ya miaka sita inayokufa saa nane mchana haitakupigia picha ya machweo Nungwi, hata kamera yake iwe bora vipi. Masasisho nayo yana mwisho: Samsung waliacha kuisasisha S10 mwaka 2023, ilhali iPhone 11 ilipata iOS 26 mwaka 2025. Pixel 6a imeahidiwa ulinzi mpaka Julai 2027, ila mwaka 2025 Google walitoa sasisho linalopunguza uwezo wa betri ya simu hiyo ikishachajiwa mizunguko 400, kwa kuhofia joto. Anayeitaka Pixel 6a ya mtumba aingie akijua hilo.

Maji. Ile sifa ya kutoingia maji inategemea gundi inayozunguka kioo. Simu ikishafunguliwa na fundi kubadilishwa kioo au betri, usiihesabu tena. Usiende nayo kwenye ngalawa bila mfuko.

Kwa sababu hizi ndiyo nasema njia ya tatu ipo, ile mpya ya daraja la kati yenye OIS. Tazama Galaxy A15 na A25: zote mbili zimeandikwa megapikseli 50, ila A25 ina OIS na A15 haina. Tazama Redmi Note 13 ya 4G yenye 108 bila OIS, na Note 13 Pro yenye 200 pamoja na OIS. Majina yamekaribiana, namba kubwa zinavutia, na kilicho muhimu kimeandikwa pembeni kwa herufi ndogo. Galaxy A54 ya 2023 ina megapikseli 50 zenye pikseli za mikromita 1.0, zikiunganishwa zinakuwa 2.0, kubwa kuliko za iPhone 11. Chipu yake haiko kwenye daraja la iPhone, vichochoroni utaliona hilo, lakini usiku wa kawaida nyumbani, watoto wakiwa wamekaa, picha zake ni za kuweka ukutani. Kwa mama anayeuza viungo au vitenge kwa simu, hii ndiyo ningempa.

Kamera yenyewe ya mkononi, ile ya lenzi kubwa, ni ya anayepiga harusi kwa malipo. Wengine waiache.

Dukani Darajani

Muuzaji atakwambia, "Shekhe, hii kamera nne, megapikseli 108, unataka nini tena?" Usibishane naye. Mwombe tu aiwashe, futa lenzi, na upige palepale. Elekeza chini ya meza ya kioo, penye giza na nyaya za chaji, kisha kuza picha uone kama maandishi ya boksi yanasomeka. Halafu piga kutoka ndani ya duka ukielekea mlangoni, barabara ikiwa inawaka jua: angalia kama unawaona waliomo ndani na wapitao nje kwa pamoja. Mpige mtu uso, bila urembo. Muuzaji wa kweli hakukatazi.

Kwa simu ya mtumba ongeza haya. Piga karatasi nyeupe uone kama kuna madoa, maana unyevu wetu unaootesha ukungu kwenye kuta unaingia hata ndani ya lenzi. Washa video, tembea hatua chache, tazama kama picha inatetemeka yenyewe au kamera inanguruma. Hiyo ni dalili ya OIS iliyokufa, na kwetu ina sababu inayojulikana: Apple walionya mwaka 2021 kwamba mtetemo mkali wa pikipiki unaweza kuharibu OIS na fokasi. Simu iliyokuwa ikibanwa kwenye usukani wa bodaboda au vespa haifai, hata ikiwa haina mkwaruzo. Mlio mdogo sana ukiitikisa si kasoro, ni lenzi inayoelea.

Bonyeza *#06# na ulinganishe namba ya IMEI, ile ya utambulisho wa simu, na iliyomo kwenye mipangilio na kwenye boksi. Hakikisha akaunti ya iCloud au Google ya mwenye simu wa mwanzo imeondolewa mbele yako. Kwenye iPhone fungua taarifa za simu: 11 itakuonyesha kama betri au kioo kimebadilishwa, na kuanzia 12 itakuonyesha na kamera. iPhone 14 na za baadaye zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina mahali pa kuweka laini, zinatumia eSIM peke yake, yaani laini isiyo na kadi.

Anayeagiza akiwa Wete, Chake Chake au Mkoani hawezi kufanya hayo yote kwa mkono wake, na simu ikishapanda boti kuirudisha ni mashaka. Mwombe muuzaji apige picha tatu kwa simu hiyohiyo unayoitaka: ya mlangoni, ya chini ya meza, na ya karatasi nyeupe. Azitume kutoka kwenye simu hiyo kama dokumenti, siyo kama picha. Ukizipokea fungua maelezo ya faili; jina la simu, tarehe na saa vimo humo. Jina likiwa la simu nyingine, au akizituma kwa njia ya kawaida na kusema "ni zilezile", usitume fedha.